Sanduku Linalokosekana kwenye Makumbusho ya Chokoleti

Kazi yangu ni kukagua ubora wa mbegu za kakao kabla hazijaingia kiwandani. Kwa hiyo ninapotembelea jumba la makumbusho la chokoleti, sivutwi na chemchemi ya chokoleti wala sanamu. Natafuta sanduku la kuvundikia. Mara nyingi silioni, au nakuta limegeuzwa picha moja ndogo ukutani, imebanwa kati ya tunda la kakao na mashine ya kukaangia.

Sanduku hilo ndilo linaloamua mambo. Mbegu mbichi ya kakao ni chungu, inakausha ulimi, na haina hata dalili ya chokoleti. Mkulima hupasua matunda, akatoa mbegu zikiwa zimezungukwa na utelezi mweupe wenye sukari, kisha akazirundika sandukuni au akazifunika kwa majani ya migomba kwa siku tano hadi saba hivi; huko ndiko kuvundika. Hamira za asili hula sukari na kutoa kileo. Bakteria hukigeuza kileo kuwa asidi ile ile ya siki. Joto la rundo hupanda hadi kukaribia nyuzi 50 za Selsiasi, na kiini cha mbegu hufa. Hapo protini na sukari za ndani huanza kuvunjika na kuandaa ladha ambayo moto wa kukaangia utakuja kuikamilisha. Mbegu iliyoharibiwa katika hatua hii, hakuna kiwanda kitakachoiokoa.

Mbona basi hatua hiyo inarukwa? Angalia nani kajenga jumba. Lile maarufu la Köln, Ujerumani, kando ya mto Rhine, lilifunguliwa 1993 na Hans Imhoff, aliyekuwa mmiliki wa kampuni ya chokoleti ya Stollwerck. Lile la Kilchberg, Uswisi, lililofunguliwa 2020, liko kwenye makao ya kampuni ya chokoleti ya Lindt. Barcelona, jumba ni la chama cha waoka keki, ndiyo maana utakuta sanamu za chokoleti zilizochongwa kwa ustadi wa ajabu, na tiketi yenyewe ni kipande cha chokoleti. Hershey, Pennsylvania, Marekani, utasimuliwa zaidi habari za mwenye kampuni na mji aliouanzisha. Kila mwenye jumba huanzia hadithi pale mkono wake ulipoanza kugusa kakao.

Siwalaumu, kwa sababu mashine wanazijua kweli. Köln utaona mtambo mdogo ukitengeneza chokoleti mbele ya macho yako, na kuna nyumba ya vioo yenye mikakao hai, ambapo unaweza kuona jinsi ua la mti huu linavyochomoza kwenye shina lenyewe. Chemchemi ya pale ina urefu wa mita tatu. Ya Kilchberg inazidi mita tisa. Piga picha, onja, furahi, ila usipimie ubora hapo. Chokoleti ya chemchemi huwekwa katika joto ili iendelee kutiririka, kwa hiyo huwezi kujua ingekatikaje wala ingeyeyukaje mdomoni ikiwa imegandishwa inavyotakiwa.

Karibu kila jumba lina ukuta wa wavumbuzi: Van Houten na shinikizo la kukamua siagi ya kakao, 1828, kampuni ya Fry na chokoleti ya kutafuna, 1847, Daniel Peter na chokoleti ya maziwa, 1875, halafu Rodolphe Lindt na mashine ya kusugulia chokoleti iitwayo konchi, 1879. Kuhusu Lindt, waongozaji hupenda kusimulia kwamba alisahau mashine ikizunguka mwisho wa juma mzima. Hadithi tamu, mimi siing'ang'anii. Lililo muhimu ni kwamba konchi husugua na kupasha joto chokoleti kwa saa nyingi mpaka asidi iliyomo ipungue kwa kuvukizwa. Na asidi hiyo ilitoka wapi? Kule sandukuni. Anayekueleza konchi bila kuvundika amekueleza nusu ya mashine.

Mwaka huo huo wa 1879, Tetteh Quarshie, fundi chuma aliyerudi kutoka kisiwa cha Fernando Po (leo Bioko), alipanda kakao huko Mampong, katika Pwani ya Dhahabu (Ghana ya leo). Leo Ghana na Côte d'Ivoire kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Shamba lake hutembelewa na wageni hadi leo, nami naliweka kwenye orodha ya makumbusho ya chokoleti bila kusita. Mwaka 1909 kampuni za chokoleti za Uingereza, Cadbury, Fry na Rowntree, zilisusia kakao ya São Tomé na Príncipe kwa sababu ya kazi za shuruti mashambani, na Cadbury ikaelekeza ununuzi wake Pwani ya Dhahabu. Tarehe hiyo inastahili ukuta kuliko tangazo lolote la zamani la bati.

Wanaotaka kuanzia mwanzo waende Amerika, kakao ilikoanzia. Karibu na magofu ya Uxmal, Mexico, jumba la kakao limewekwa ndani ya bustani, na kinywaji hutayarishwa kwa namna ya Wamaya. Cusco, Peru, wageni hukaanga na kusaga mbegu wenyewe.

Popote utakapoingia, muulize mwongozaji mbegu zao zilivundikwa siku ngapi, na katika nini. Pale wanapotengeneza chokoleti kuanzia kwenye mbegu, omba moja iliyokaushwa, haijakaangwa bado, uipasue kwa urefu. Ya kahawia yenye mipasuko ndani ilivundikwa vizuri. Ya zambarau iliondolewa mapema. Ya kijivu, iliyoshikamana kabisa, haikuvundikwa.