Mali ya shirika si mali isiyo na mwenyewe

Juma lililopita nimelisikia tena kosa hili, mara hii kwenye mkutano wa wavuvi hapa Lamu. Mtaalamu mgeni, karatasi mkononi, alituambia samaki wanapungua kwa sababu bahari ni "mali ya shirika, yaani kila mtu anaingia apendavyo." Kijana mmoja nyuma akauliza, "Shirika gani?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamepotea, kila mmoja kwa njia yake.

Maana yenyewe tuimalize upesi. Mali ya shirika ni mali yenye wenyewe zaidi ya mmoja, wanaojuana, wenye kauli juu ya nani aitumie na kwa kiasi gani.

Neno limetoka Kiarabu, katika mzizi wa sh-r-k: kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwenzio. Humo mmetoka shiriki, mshirika, ushirika, hata shirki, ile dhambi ya kumwekea Mungu mshirika. Kwa wazee wetu shirika halikuwa ofisi yenye kibao mlangoni. Nyumba ya urithi pale Langoni, ya ndugu watano, haijagawanywa: hiyo ni nyumba ya shirika. Mmoja wao ajaribu kuiuza peke yake aone. Na jirani ajaribu kuhamia na mkeka wake, kwa hoja kwamba wenyewe ni wengi. Vilevile mwenye chombo, nahodha na mabaharia wanaogawana mafungu samaki wakishauzwa, wana shirika lao, na kila mtu dikoni anajua nani yumo na nani hayumo. Mashirika ya ndege na ya misaada yamekuja nyuma, na ndiyo aliyokulia nayo yule kijana. Simlaumu.

Mtaalamu ndiye namlaumu, ingawa na yeye kosa kalirithi. Mwaka 1954 mwanauchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, aliandika makala ambayo uchumi wa uvuvi unaiegemea hadi leo. Hoja yake: pasipo na wa kumzuia mtu, vyombo vitazidi kuingia maadamu pato la safari linashinda gharama zake. Kila kinachoongezeka kinapunguza cha wenzake. Mwisho mauzo yanatosha kulipa mafuta, barafu na jasho tu, na ile ziada ambayo bahari ingewapa wavuvi imeyeyuka bila mtu kuila. Mvuvi yeyote wa hapa angekueleza hivyo bila mchoro. Hoja sina ugomvi nayo. Ugomvi ni jina, kwa sababu hali hiyo Gordon, kwa Kiingereza chake, aliiita common property, yaani mali ya shirika. Mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin, mtu wa bayolojia, akachukua njia ileile kwa mfano wa malisho ya kijiji, na dunia ikamsikia yeye kuliko Gordon. Mwaka 1975 wanauchumi Ciriacy-Wantrup na Bishop walieleza wazi kwamba shirika na uhuria, yaani kuingia yeyote apendavyo, ni vitu viwili. Hardin mwenyewe, miaka ya 1990, akaongeza kwamba alikusudia malisho yasiyosimamiwa. Nyongeza hiyo haikufika mbali kama kosa.

Tofauti si ya maneno matupu. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alieleza habari za wavuvi wa Alanya, Uturuki. Kila Septemba waliorodhesha waliostahili kuvua, wakataja vituo vyote vya kutegea nyavu, kisha wakapiga kura ya bahati kujua nani aanzie wapi. Hadi Januari kila mmoja alisogea kituo kimoja mashariki kila siku, baada ya hapo alirudi magharibi, ili mahali penye samaki wengi pasiwe pa mtu mmoja. Hilo ndilo shirika. Ungewaambia kwamba shirika ndilo linalomaliza samaki, wangekushangaa.

Wapo watakaosema bahari ni ya Mungu, na kunisomea Hadithi ya kwamba Waislamu wanashirikiana katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Vizuri, lakini neno lililotumika humo ni washirika. Samaki akiwa majini hana mwenyewe, nakubali. Ni mubaha, wa atakayemvua. Lakini kutokuwa na mwenyewe kwa samaki hakuondoi masharti ya mahali anapovuliwa.

Kisheria liko jina la tatu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 62, imeiweka bahari ya nchi katika ardhi ya umma, serikali ya kitaifa ikiishika kwa amana ya wananchi. Kwa hiyo mali ya umma pia si shirika. Zile BMU za madikoni, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, zinakaa katikati: bahari haikuwa yao, ila wamepewa kusimamia uvuvi wa sehemu yao. Zinapofanya kazi, shirika ndipo linapoanza kuonekana. Zinapolala, tunarudi kwa Gordon.

Bwana wa karatasi, akija tena, aseme "uvuvi huria." Ni fupi, na mafundi wa nyavu wataelewa mara moja. Lile la shirika awaachie ndugu watano na nyumba yao ya Langoni, ambayo hadi leo hawajakubaliana nani atengeneze paa.