Mlango Una Saa Zake: Kwa Wanaotoka Mombasa kwa Tanga

Wanaotaka kutoka Mombasa kwa tanga na kulala miji midogo ya pwani hutuuliza sana kuhusu njia: ni saa ngapi hadi Kilifi, upepo ukoje. Njia si tatizo. Kutoka Bandari ya Kale hadi Kilifi ni maili 30 hivi za baharini, na upepo wa kusi, ule utokao kusini, ukivuma vizuri mashua hufika mchana mmoja. Shida iko mlangoni, yaani kwenye uwazi wa mwamba ambamo chombo hupita kuingia.

Sehemu kubwa ya pwani yetu imepakana na mwamba wa matumbawe. Matumbawe hayapatani na maji ya mto wala tope, ndiyo maana mwamba umekatika pale mito ilipomwaga maji yake: Mtwapa, Takaungu, Kilifi. Wazee walijenga humo kwa sababu hiyo hiyo.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3. Maji yote hayo yakitoka kwa kasi kwenye uwazi ule mwembamba, yakakutana na mawimbi ya kusi, mlango mzima hugeuka povu. Ingia maji yakijaa. Ukipanda fungu la mchanga, maji yenyewe yatakuinua. Lakini aliyekwama bamvua likiwa limejaa pomoni huenda akangoja bamvua lijalo, wiki mbili, chombo kimelala ubavu na watoto wa kijijini wanakichezea.

Jua nalo wengi hulisahau. Ufuo wetu unatazama mashariki, kwa hiyo anayeingia huelekea magharibi. Alasiri jua linampiga usoni, bahari inameta, mwamba hauonekani. Adhuhuri utasoma rangi: buluu iliyokoza ni kina, kijani kilichofifia ni mchanga, kahawia ni mwamba. Bahati yetu ni kwamba siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri; saa sita mchana unapata jua la utosi na maji yanayopanda kwa pamoja. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hupinduka, basi ingia asubuhi, jua likiwa mgongoni.

Malindi ni habari nyingine. Mto Sabaki ukifurika, maji ya ghuba huwa mekundu kwa udongo na rangi hazisomeki. Hapo waulize wavuvi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo. Simu itakuonyesha ulipo. Haitakwambia kwamba fungu la mchanga limehama tangu masika.

Jaketi za kuokolea maisha zivaliwe, zisikaliwe. Mwambie mtu wa nchi kavu unakokwenda. Na mwenye mlingoti mrefu aulizie urefu wa daraja kabla hajapanda mkono wa bahari wa Kilifi.

Kurudi Mombasa wakati wa kusi ndiko kwenye kazi: ni kupiga bisha kutwa, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na mkondo unakurudisha kaskazini. Wenye subira hungoja kaskazi, upepo utokao kaskazini.

Ukifika nje ya mlango jua limeshainama, usiingie, hata kama taa za mji unaziona na njaa inauma. Kaa nje kwenye maji mengi, mbali na mwamba, watu wapokezane zamu. Asubuhi angalia upya ulipo kabla ya kuelekeza chombo ndani, maana mkondo utakuwa umekusogeza usiku kucha.