Je, wajua kwanini gundi ya unga wa muhogo inashika karatasi lakini kwenye rambo inagoma?

Kusi ikishaanza kukaza huku Mtwara, mwezi wa sita wa saba hivi, kila mtoto anataka tiara, na kama una wa darasa la pili au la tatu nyumbani ujue hiyo kazi ni yako, maana kukimbia nayo wanaweza ila kuiunda hawawezi. Enzi zetu ilikuwa unachana rambo, unafunga kwa uzi kwenye njiti za ufagio wa chelewa, imeisha hiyo. Toka tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, saivi tumerudi kwenye magazeti na madaftari yaliyojaa, na karatasi ukiifunga kwa uzi inachanika, yenyewe inataka gundi. Ile ya dukani ya tone moja inayokauka hapohapo sio ya kumpa mtoto, atajigandisha vidole muanze kukimbizana. Dawa ni kupika uji wa muhogo, ule unga uleule wa ugali.

Sasa mtoto lazima atakuuliza, mama kwani mpaka upikwe? Swali zuri kweli hilo, msilipite.

Mwambie achukue glasi, atie maji ya baridi na unga kidogo, akoroge. Maji yanakuwa meupe, mkiyaacha kidogo unga wote umetuama chini. Sababu ni kwamba unga wa muhogo karibu wote ni wanga, na wanga umejifungia ndani ya chembe ndogondogo ambazo maji ya baridi hayazifungui. Ukibandika jikoni, joto likifika nyuzi 60 hadi 70 hivi, zile chembe zinaanza kunywa maji, zinavimba, mwisho zinapasuka, na nyuzi za wanga zilizokuwa zimejikunja ndani zinatoka nje zinanasana. Na hii inaonekana kwa macho kabisa, weupe unapotea uji unaanza kuonyesha mpaka chini ya sufuria, mwiko unakuwa mzito ghafla, ukiunyanyua unavutika kama mlenda. Hapo epua. Ukiendelea kuukoroga kwa nguvu nyuzi zinakatika uji unalegea, gundi yenyewe inapungua.

Vipimo, vijiko viwili vya chakula kwa kikombe kimoja cha maji vinatosha, ila vuruga kwanza na maji ya baridi ndo ubandike. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto unapata madonge, kwa sababu unga wa nje unavimba haraka unaziba, wa ndani unabaki mkavu.

Na kwanini muhogo, sio sembe? Nyuzi za wanga ziko aina mbili, zilizonyooka zinaitwa amilosi, zenye matawi mengi zinaitwa amilopektini. Mahindi yana amilosi kama robo hivi, muhogo una asilimia 17 mpaka 20. Sasa zile zilizonyooka uji ukipoa zinajipanga pamoja na kukamua maji, ndo maana uji wa sembe uliolala unaganda halafu maji yanakaa pembeni. Wa muhogo unabaki unavutika, unapakaa vizuri hata kwa kidole cha mtoto.

Turudi kwenye rambo. Karatasi imetengenezwa kwa nyuzinyuzi za selulosi, na selulosi na wanga vyote vimejengwa kwa sukari ileile, glukosi, kwa hiyo gundi ikiwa mbichi inapenya katikati ya nyuzi za karatasi, maji yakikauka wanga na selulosi vinashikana moja kwa moja. Plastiki haina pa kupenya na haipatani na maji, gundi inakaa juu tu, ikikauka inabanduka yote kama ilivyo. Hata maboksi yale yenye mawimbi katikati, viwandani huwa wanayabandika kwa gundi ya wanga.

Afu jamani, huku kwetu watoto wanapenda kupambia vitu kwa chochote walichookota. Maganda ya korosho hapana! Yana mafuta makali yanayobabua ngozi, wape chaza na makombe ya pwani.

Mkishabandika laza tiara kivulini mpaka ikauke kabisa, kwa unyevu wa bahari hapa usiku mzima ndo uhakika, na ikidondokea majini imekwisha, wanga unalainika tena karatasi inaachia. Gundi iliyobaki haifiki siku mbili inachacha, pika kidogo kidogo. Na tiara isiachwe stoo, mende wanakula wanga ule, asubuhi unakuta kingo zote zimetafunwa, itundikeni juu kwenye waya.