CD ya sauti: maana yake, na kwa nini diski uliyochoma haipigi kwenye deki

Nyimbo ishirini za MP3 zimeburutwa hadi kwenye CD tupu na kompyuta imesema kazi imekamilika. Diski inaingizwa kwenye deki ya sebuleni, inazunguka, inasita, kisha kioo kinaandika NO DISC. Ikirudishwa kwenye kompyuta, nyimbo zote zipo na zinalia vizuri. Hapo hakuna kilichoharibika. Iliyochomwa ni CD ya data, yaani yenye faili kama zilivyo kwenye kompyuta, na deki ile inaelewa CD ya sauti peke yake.

CD ya sauti ni diski iliyoandikwa kwa utaratibu ambao Philips na Sony waliuweka mwaka 1980, unaojulikana kama Red Book kwa sababu ya jalada lake jekundu. Ndani yake hamna faili wala folda. Kuna uzi mmoja mrefu wa sauti unaoanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka kuelekea ukingoni. Kabla ya uzi huo kuanza kuna orodha fupi inayoiambia deki kwamba wimbo wa kwanza unaanza dakika hii na sekunde hii, wa pili pale, na kuendelea, mwisho nyimbo 99. Sauti yenyewe haijabanwa hata kidogo: ni sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa kila sekunde, kushoto na kulia, kila sampuli ikiwa na biti 16. Deki ya kawaida kazi yake ni kusoma namba hizo na kuzigeuza kuwa sauti. Kufungua MP3, faili ambayo sauti yake imebanwa, ni kazi nyingine kabisa, na deki nyingi hazikuundwa kuifanya. Zile zinazoiweza huwa zimeandikwa MP3 usoni.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, weka CD halisi ya muziki kwenye kompyuta ya Windows uifungue. Utaona Track01.cda, Track02.cda na kadhalika, kila moja ikionyesha ukubwa wa KB 1. Wengi hunakili hizo wakidhani wamepata nyimbo. Kila moja ina baiti 44 tu, na kinachoelezwa humo ni mahali wimbo unapoanza na urefu wake. Windows huzionyesha kama faili ili tu kuwe na kitu cha kubofya.

Kwa sababu hiyo CD ya sauti hupimwa kwa dakika. Diski iliyoandikwa MB 700 inabeba dakika 80, na ya MB 650 inabeba 74. Wimbo wa dakika nne unaochukua MB 4 au 5 ukiwa MP3 unafumuka hadi MB 42 hivi ukiandikwa kama sauti. Kwa hiyo folda ya MP3 inayoenea kwenye diski kwa hesabu ya MB inaweza kuwa na saa kumi za muziki, na saa kumi haziingii. Jumlisha dakika. Zikifika 78 acha hapo, ingawa programu inaweza kukuruhusu uongeze, kwa sababu sehemu ya nje kabisa ndiyo ngumu zaidi kuandikwa na kusomwa.

Diski ya kununua ni CD-R. Ndani yake mna tabaka la rangi, na leza ya kompyuta huiunguza madoa madogo ambayo deki huyaona kama vishimo vya CD ya kiwandani; ndiyo maana tunasema kuchoma. CD-RW, ile inayofutika, hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu ya mwanga, wakati CD ya kiwandani inatakiwa kurudisha 70. Deki nyingi za zamani na redio za magari haziuoni mwanga hafifu namna hiyo. DVD-R haifai kabisa, hata kama inafanana kwa umbo.

Kwenye kuchoma kwenyewe, kosa kubwa hutokea mapema. Ukiburuta faili hadi kwenye diski tupu, Windows huuliza kama utaitumia kama flashi au kwenye kicheza CD na DVD. Jibu la pili linavutia, lakini nalo linatengeneza CD ya data, na deki ya kawaida itaikataa vilevile. Fungua programu ya kuchomea, kama Windows Media Player, au K3b kwa wanaotumia Linux, kisha anzisha mradi wa Audio CD. Kwenye programu nyingi chaguo la Data CD limekaa jirani yake, kwa hiyo tazama mara mbili. Ingiza nyimbo na uzipange. Programu itafungua MP3 na kuzigeuza kuwa sauti kamili, na sauti iliyotoka kwenye video, ambayo kwa kawaida ina sampuli 48,000, itaishusha hadi 44,100. Ikiwa programu yako haifanyi hivyo, igeuze mwenyewe kwanza iwe WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya 44,100, biti 16, stereo.

Kumbuka kwamba kufungua MP3 hakurudishi kilichopotea ilipobanwa. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde utabaki na sauti ile ile, matoazi yakisikika kama yana maji. Ukiwa na WAV, au FLAC ambayo hubanwa bila kupoteza kitu, tumia hizo.

Kuna chaguo moja ambalo wengi hulipita bila kulijali: kuandika diski nzima kwa mkupuo, au wimbo mmoja mmoja. Ukiandika wimbo mmoja mmoja, leza huzimwa na kuwashwa kila wimbo unapoisha. Inabaki sekunde mbili za ukimya, na baadhi ya deki hutoa mlio mdogo wa kukwaruza kwenye maungio hayo. Kwa rekodi ya tamasha au mahubiri yasiyokatika, hiyo inaudhi sana. Chagua diski nzima kwa mkupuo, linaloandikwa Disc-at-Once, na weka nafasi kati ya nyimbo kuwa sufuri pale sauti inapotakiwa kuendelea. Njia hii pia huifunga diski papo hapo. Diski isiyofungwa haina orodha ile ya mwanzo mahali deki inapoitafuta, na hiyo ni sababu nyingine ya diski kusomwa na kompyuta iliyoichoma na kukataliwa kwingine kote.

Kasi ya kuchoma ya 16x, yaani mara 16 ya kasi ya kupiga, inatosha. Dakika 80 zitaandikwa kwa dakika tano, na moja au zaidi ya kufungia. Kasi ya juu kabisa huacha madoa yasiyo na mipaka safi, na kompyuta, yenye leza ya kisasa, huyavumilia kuliko deki iliyochoka. Kushuka sana nako hakusaidii, kwa kuwa rangi za diski za siku hizi zimetengenezwa kwa kasi kubwa. Nyimbo zikiruka mwishoni mwa diski huku za mwanzo zikiwa safi, kasi ndiyo ya kushukiwa kwanza, kisha alama za vidole ukingoni, kisha lebo ya kubandika. Lebo ya karatasi iliyokaa upande kidogo tu huifanya diski iyumbe inapozunguka, na kwenye joto la gari hubanduka na kunata ndani ya redio. Usizitumie.

Andika juu ya diski kwa kalamu yenye ncha laini iliyotengenezewa CD, na usitumie kalamu ya wino ya kawaida. Watu huulinda sana upande unaong'aa, kumbe upande wenye maandishi ndio dhaifu. Chini kuna plastiki ya zaidi ya milimita moja, ambayo mkwaruzo wake mara nyingi husafishika. Juu, tabaka linalorudisha mwanga limefunikwa na vanishi nyembamba tu. Likichubuka, shikilia diski kwenye taa: ukiona mwanga ukipenya kama tundu la sindano, sauti ya pale imekwisha. Jua nalo hufifisha rangi, kwa hiyo diski isikae kwenye dashibodi.

Ijaribu kwenye deki itakakotumika, kabla hujafuta faili. Kioo kionyeshe idadi ya nyimbo na jumla ya dakika ndani ya sekunde chache, kabla hata hujabonyeza kitufe cha kupiga, maana hapo orodha imesomwa. Kisha ruka moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho na usikilize sekunde zake thelathini za mwisho.