Picha za Gillray hazikutoka magazetini

Kila anayeniletea nakala ya picha ya James Gillray, mchoraji wa dhihaka wa Uingereza wa mwishoni mwa karne ya 18, niikague hunieleza, kabla hata hajaifungua, kwamba ni katuni iliyokatwa katika gazeti la kale la London. Nimechoka kulisikia neno hili. Magazeti ya Uingereza ya karne ya 18 yalijaa maandishi, safu baada ya safu, na sababu kubwa ilikuwa ya kiufundi: herufi za chapa zimeinuka na hushika wino usoni, ilhali picha hizi zilichorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, asidi ikaila mistari, wino ukajazwa ndani ya mifereji hiyo, na uso wa bamba ukafutwa kabla karatasi mbichi haijabanwa kati ya rola mbili. Njia hizo mbili haziwezi kuchapa ukurasa mmoja kwa mkupuo mmoja.

Picha iliuzwa peke yake dukani kwa mchapishaji, na Gillray aliishi nyumba moja na Hannah Humphrey, aliyemchapishia nyingi. Nakala iliyotiwa rangi kwa mkono iliweza kugharimu shilingi 2, karibu ujira wa kibarua wa kutwa. Basi wanunuzi walikuwa wenye nacho, akiwemo Mwanamfalme wa Wales, mrithi wa kiti cha enzi, aliyedhihakiwa humo bila huruma. Asiye na kitu alitazama dirishani.

Hapo ndipo inapoporomoka pia dhana kwamba wachoraji hawa walikuwa watetezi wa wanyonge. Kuanzia 1797 Gillray alilipwa posho na serikali. William Hogarth, mchoraji rasmi wa mfalme tangu 1757, alimchora John Wilkes, mpinzani wa serikali, mwaka 1763: makengeza yalikuwa ya Wilkes kweli, lakini wigi lililosimama kama pembe za shetani ni ubunifu wa Hogarth.

Ama ufupi anaohusishwa nao Napoleon, mtawala wa Ufaransa, kwa kweli alikuwa na kimo cha kawaida cha wanaume wa Ufaransa wa wakati wake. Kibeti tunayemjua ni kazi ya Gillray.

Kabla ya kunijia, igeuze karatasi. Gazeti limechapwa pande zote mbili. Picha hii kwa kawaida nyuma ni tupu, na ikiwa kingo zake hazijapunguzwa, utapapasa bonde jembamba lililoachwa na ukingo wa bamba. Iliyogandishwa kwa gundi kwenye ubao sitaipokea.