Wiki tisa Ocean Road bila msindikizaji: jiandae hivi kabla hujapanda basi

Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi akitoka Bukoba, Kigoma au Sumbawanga kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anakata zaidi ya kilomita 1,000. Wengi huja peke yao. Mume amebaki na watoto na shamba, mdogo wake ana kichanga, na nauli iliyopatikana ni ya mtu mmoja. Nikiwa muuguzi wa wagonjwa wa saratani, neno langu la kwanza kwa mama wa namna hiyo ni kwamba barabara haitamshinda. Tiba hukwama wiki ya tatu au ya nne, pesa ikiisha, damu ikishuka, na mtu akianza kusema "ngoja nirudi nyumbani nikajipange". Wengi walijiandaa kwa safari ya siku mbili, kumbe walikuwa wanaenda kukaa miezi miwili.

Hesabu iko hivi. Mionzi ya nje, ile ya mashine inayokupiga ukiwa umelala kitandani, kwa kawaida hutolewa mara 25, mara moja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni wiki 5. Sambamba nayo, kama figo zinaruhusu, unatundikiwa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kila wiki. Kisha inakuja mionzi ya ndani, inayopitishwa ukeni hadi kwenye uvimbe, mara 2 hadi 4 kutegemea mpango wa daktari. Yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8 tangu siku ya kwanza ya mionzi, yaani siku 56. Muda huo haukuwekwa kwa ajili ya foleni. Tiba ikishaanza, seli za saratani zilizonusurika huongeza kasi ya kuzaana, kwa hiyo kila siku unayokosa inazipa nafasi. Ongeza siku za mwanzo za kufungua faili, kuonana na daktari, kupimwa, kupigwa picha na kuchorwa alama. Ndiyo maana nasema wiki 9, na ukiweza kuweka akiba ya wiki ya kumi, iweke.

Kama unatoka Kanda ya Ziwa, muulize kwanza daktari wako kama tiba yako inaweza kufanyika Bugando, Mwanza. Bugando wanatoa mionzi, na kwa mtu wa Geita au Musoma tofauti ya umbali ni kubwa mno kuacha kuuliza.

Sasa makaratasi, na hapa naomba uwe na subira na mimi maana ndipo wiki nyingi hupotea. Barua ya rufaa peke yake haitoshi. Beba majibu ya kinyama, kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwe, yakiwa yameandikwa na kupigwa muhuri, na uombe maabara ikupe pia vioo walivyokisomea pamoja na kibonge cha nta kinachokihifadhi, ambacho wanakiita bloku. Ocean Road wakitaka kukisoma upya kinyama chako na bloku haipo, huenda ukachukuliwa kinyama kingine na kusubiri majibu upya. Nta huyeyuka kwa joto. Zungushia pamba, weka kwenye kikopo kigumu chenye mfuniko, ukae nacho kwenye mkoba wa mkononi. Usikipeleke kwenye buti la basi.

Vipimo vya kufanya nyumbani kabla ya kuondoka ni wingi wa damu, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi), picha ya ultrasaundi ya figo na VVU. Sababu za figo ni mbili. Uvimbe wa shingo ya kizazi ukikua hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na sisplatini ni dawa inayotoka mwilini kupitia figo na inaweza kuziumiza. Kreatinini ikiwa juu, mpango wote wa tiba unabadilika, na ni heri lijulikane hilo ukiwa bado hospitali ya mkoa.

Kuhusu damu, huu ndio ushauri wangu mkubwa kwa anayesafiri peke yake: kama huna damu ya kutosha, ongezewa kwenu, penye ndugu wa kuchangia. Wakati wa mionzi madaktari wengi hutaka hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, isipungue 10, kwa sababu mionzi huua vizuri seli zinazopata oksijeni. Ukifika Dar es Salaam na hemoglobini 6 bila mtu wa kukuchangia, utakaa ukisubiri chupa huku kodi ya chumba inahesabika.

Kwa malipo, kadi ya CHF iliyoboreshwa mwisho wake ni hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hiyo usiitegemee Ocean Road. Mwenye NHIF ahakikishe fomu ya rufaa imejazwa kikamilifu na jina lake linafanana herufi kwa herufi kwenye kadi, kitambulisho na barua. "Mwanaidi" huku na "Mwanahidi" kule ni siku nzima ya kuzunguka madirishani. Asiye na bima wala uwezo aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wake apate barua yenye muhuri, aende nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali inayompa rufaa, kisha akifika Ocean Road aonane na Ustawi wa Jamii siku ileile ya kwanza. Usisubiri mpaka deni lifike. Wao ndio wanaokutathmini kwa ajili ya msamaha, na ndio wa kuwauliza kama kuna nafasi ya malazi ya wagonjwa.

Anayelipa mwenyewe hupewa kontrol namba na kulipia kwa simu au benki. Usimkabidhi mtu pesa mkononi kwenye korido, hata akiwa amevaa koti jeupe, wala usitume pesa kwa anayepiga simu akidai atakuwahisha foleni. Vishoka wanamtambua mgeni aliye peke yake kabla hajafungua mdomo.

Anayetumia ARV achukue dozi ya miezi mitatu kabla ya kuondoka na abebe kadi yake ya CTC, kliniki anakochukulia dawa. Amtajie daktari wa saratani majina ya dawa zake, kwa sababu tenofoviri, mojawapo ya ARV, nayo hupitia figo, na ikikutana na sisplatini figo zinahitaji kupimwa kwa karibu zaidi.

Njiani sasa. Ukipata uwezo wa kuigawa safari, igawe. Kwa anayetoka Kigoma, Tabora au Mwanza, kulala Dodoma kisha kupanda treni ya SGR asubuhi kunapunguza mateso mengi: ni kama saa 4 hadi Dar es Salaam, choo kimo ndani, na stesheni iko katikati ya mji. Basi linakushusha Mbezi Luis, kituo cha Magufuli, na kutoka hapo mjini bado ni mbali. Kwenye basi omba kiti cha upande wa njia, inuka kila linaposimama, na ukiwa umekaa kunja na kunjua vifundo vya miguu kila baada ya nusu saa. Mwenye saratani damu yake huganda kwa urahisi kwenye mishipa ya miguu, na kukaa saa 15 bila kujinyoosha huongeza hatari hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukapata pumzi fupi ya ghafla, hiyo ni dharura. Usijinyime maji kwa kuogopa choo.

Damu ikitoka njiani kiasi cha kulowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, mwambie kondakta akushushe kwenye mji wenye hospitali. Najua inauma kupoteza nauli. Shuka.

Kabla hujatoka nyumbani soma barua yako mara mbili uone umeandikiwa wapi. Wengi huambiwa kwa mdomo "unaenda Muhimbili", na Muhimbili ziko mbili: Upanga, mjini, na Mloganzila, ambayo basi la kutoka bara linaipita upande wake kabla hata halijafika Mbezi. Ocean Road si mojawapo ya hizo. Iko Barabara ya Barack Obama, ikitazama bahari. Kutoka Mbezi au Kimara, mwendokasi hufika Kivukoni, na kutoka Kivukoni ni mwendo mfupi kwa bajaji au teksi. Unapita Ikulu, halafu hospitali. Ukiona Aga Khan, umeshapitiliza.

Mahali pa kulala papimwe kwa njia ya kwenda hospitali kila siku, si kwa kodi tu. Chumba cha bure kwa shemeji Chanika kinaonekana neema wiki ya kwanza. Wiki ya nne, tumbo linaendesha na unasimama kwenye daladala zaidi ya saa moja, kinakuwa sababu ya kukosa mionzi. Tafuta kando ya njia ya mwendokasi: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara. Kigamboni watu huiogopa kwa sababu ya maji, lakini pantoni linakushusha Kivukoni palepale.

Piga hesabu ya pesa kwa siku, usipige kwa jumla. Tuseme chakula na nauli vinakula Sh 10,000 kwa siku. Siku 63 ni Sh 630,000, kabla ya kodi, dawa na vipimo. Igawe kwa wiki na umwombe mtu mmoja wa nyumbani akutumie kila Jumapili, badala ya kutembea na kitita chote kwenye simu. Na nauli ya kurudi ibaki kwa huyo mtu, usiiguse.

Siku ya kupangiwa mionzi utachorwa alama za wino kwenye ngozi. Alama hizo ndizo zinazoielekeza mashine. Zikifutika usizichore mwenyewe kwa kalamu, mwambie mtaalamu wa mionzi kabla hujapanda kitandani. Utaambiwa pia unywe maji kiasi fulani, mara nyingi nusu lita, dakika 30 hadi 45 kabla, na usikojoe. Kibofu kikijaa huyasukuma matumbo juu yakatoka kwenye njia ya mionzi. Kiwe kimejaa kwa kiwango kilekile kila siku, kwa hiyo pimia maji kwa chupa ileile wiki zote tano.

Eneo linalopigwa lioshwe kwa maji ya kawaida bila kusugua. Usipake mafuta wala losheni kabla ya mionzi. Vaa chupi ya pamba iliyolegea, na chumbani jifunge khanga upepo upite. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu tumbo linaweza kuendesha: kula wali, uji, ndizi na viazi, maharage na pilipili viache kwanza, na maziwa pia kama yanakusumbua. Ukikosa pakiti ya ORS, changanya lita 1 ya maji salama na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu, visifurike. Nunua kipimajoto. Ukiwa kwenye dripu za saratani na joto likafika 38, nenda hospitali usiku huohuo. Usimeze panadoli ukalala, maana itashusha joto na maambukizi yataendelea.

Sikukuu na hitilafu za mashine zipo. Mashine ikisimama usipande basi kwenda nyumbani. Muulize daktari siku zilizopotea zitafidiwaje: inawezekana kuongezewa Jumamosi, au kupigwa mara mbili kwa siku moja kwa kuachanisha angalau saa 6. Asiyekuwepo hawezi kuingizwa kwenye mpango huo.

Kuwa peke yako kunaonekana zaidi siku za mionzi ya ndani. Ukipewa dawa ya usingizi au ya kutuliza, hutakiwi kula kwa saa 6 kabla, na ukitoka usipande bodaboda wala usisafiri peke yako. Fomu ya ridhaa unaisaini mwenyewe, hilo halihitaji mume wala kaka. Ila wa kukufikisha chumbani anahitajika. Ushauri wangu ni umtafute mapema mwenzio wa benchi, mgonjwa mwenye zamu ya saa kama yako, mbadilishane namba mapema. Siku yako anakusindikiza yeye, siku yake unamsindikiza wewe. Na namba za watu wawili, mmoja wa Dar es Salaam na mmoja wa nyumbani, ziandike kwa kalamu kwenye karatasi ndani ya faili. Simu iliyofungwa kwa neno la siri haimsaidii muuguzi wakati umezimia.

Siku ya kumaliza usiondoke na kadi ya tarehe tu. Omba muhtasari wa tiba unaoonyesha kiasi cha mionzi ya nje na ya ndani na idadi ya dripu, maana hospitali ya kwenu itauhitaji. Upige picha muhtasari huo na umtumie mtu wa nyumbani. Uliza pia lini uanze kutumia kifaa cha kutanua uke. Mionzi hufanya uke usinyae na kujifunga, na ukishajifunga uchunguzi wa kliniki unakuwa mgumu na tendo la ndoa linakuwa maumivu. Kina mama wengi huona haya kuuliza na wengi hawaambiwi. Muulize muuguzi, hata kwa kunong'ona. Mwisho, panga tarehe ya kurudi kliniki, ambayo mara nyingi huwa kati ya wiki 6 na miezi 3, ukiwa umeshaihesabia nauli yake.