Kwa nini baruti ya nyumbani huwekwa kwenye mbao, si kwenye chuma?

Marekani kuna wawindaji na walenga shabaha wengi wanaojaza risasi wenyewe nyumbani: ganda lililokwisha kupigwa hutiwa fataki mpya (kifuko kidogo kinachoiwasha baruti kikigongwa), baruti na kichwa kipya. Kwa muda mrefu niliamini mahali pa baruti hiyo ni sefu ya chuma kinene, tena yenye kufuli. Kumbe kanuni za kinga ya moto za huko, NFPA 495, zinataka kinyume chake: baruti isiyo na moshi, yaani ile ya kisasa, ikizidi ratili 20 (kilo 9 hivi), ikae kwenye sanduku au kabati la mbao lenye unene wa inchi 1.

Nilikosea kwa kudhani kwamba baruti hii hulipuka vyovyote iwavyo, na kazi ya sanduku ni kuuzuia mlipuko. Sivyo. Ikiwa wazi huungua tu, kwa moto mkali na wa haraka. Mlipuko huletwa na kufungiwa.

Fikiria sufuria ya maharage inayochemka. Kifuniko kikiwa kimelegea, mvuke hukisukuma, kikachezacheza, ukatoka. Kifunge kwa waya na mvuke utakosa njia. Baruti inazidi hapo, kwa sababu kadiri gesi yake inavyobanwa ndivyo baruti inavyoungua kwa kasi, na kasi hiyo huzaa gesi zaidi. Ni kama jiko linalojiongezea moto kila mvuke unapozuiwa. Ndani ya mtutu wa bunduki hilo ndilo linalotakiwa. Ndani ya sefu, nyumba ikishika moto, ni bomu. Mbao huachia mapema kwenye maungio, gesi ikatoka, moto ukabaki moto. Tena mbao hupitisha joto polepole kuliko chuma.

Haya ni ya baruti isiyo na moshi. Baruti nyeusi ya kale hulipuka kwa urahisi zaidi na ina masharti yake. Fataki nazo hazichanganywi kwenye chupa, kwani moja ikilipuka huweza kuwasha jirani zake. Hubaki kwenye pakiti ya kiwandani inayozitenganisha, zisizidi 10,000 nyumbani.

Kisha kuna umri. Mwaka 1911 manowari Liberté ya Ufaransa ililipuka bandarini Toulon, na lawama ikaangukia baruti iliyoharibika. Baruti ya kopo la nyumbani huoza vivyo hivyo, hasa penye joto, na dalili zake ni harufu kali ya asidi na vumbi la rangi ya kutu.